Kabla Hamjawasha Pikipiki Kwenda Mbeya

Safari nyingi za pikipiki za kundi huharibikia kwenye WhatsApp kabla hazijafika barabarani. Mtu mmoja anaandika, "Wazee, mwezi wa saba tunaipandisha Mbeya," na kufikia jioni watu thelathini wameshaweka dole gumba. Asubuhi ya safari wanafika kumi na wawili. Watatu kati yao hakuna anayejua wanaendeshaje. Mmoja tairi lake la nyuma limekuwa kipara, mwingine amempakia mchumba mwenye begi kubwa mgongoni. Wanasubiriana kituo cha mafuta pale Mbezi mpaka saa tatu, halafu mwenye pikipiki kubwa kuliko wote anasema jua limeshapanda, twendeni tufidie muda. Ajali itatokea mbele huko, labda Mikumi, labda Kitonga, lakini imepangwa Mbezi.

Nimeichukua njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya kwa sababu vijana wengi wa mjini wanaiota, na kwa sababu ina kila kitu: msongamano wa malori hadi Chalinze, wanyama wa Mikumi, kona za Kitonga, baridi ya Mafinga na Makambako. Anayeweza kuipanga hii, ya Arusha au ya Songea haitamshinda.

Anzeni kupanga kwa saa, kilomita zifuate. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Mwenye pikipiki ya 150cc atawaambia yeye hukimbia 90, kwa hiyo ni saa tisa na kitu tu, mnatoka asubuhi mnalala Mbeya. Hiyo ni hesabu ya mtu aliye peke yake kwenye barabara isiyo na vijiji. Njia hii kila kijiji kina kibao cha 50, kina rasta na matuta. Kuna foleni ya malori mizani ya Vigwaza, na kuna trafiki. Ongezeni watu saba kujaza mafuta mmoja mmoja, ongezeni chai, choo, na yule ambaye hawezi kuona mbuyu bila kupiga picha. Kundi likipata wastani wa kilomita 50 kwa saa, kuanzia kuwasha hadi kuzima, limejitahidi. Kwa wastani huo Iringa peke yake, takriban kilomita 500, ni saa kumi. Mwanga wa jua kwetu ni saa kumi na mbili. Pancha mbili tu, na giza linawakuta Kitonga.

Kwa hiyo mimi nashauri siku tatu za kwenda. Siku ya kwanza mlale mji mdogo wa Mikumi, kama kilomita 300. Mkiondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi mtaifikia hifadhi mchana, wanyama wengi wakiwa kivulini. Siku ya pili ni Mikumi hadi Iringa, kama kilomita 200. Ni fupi kwa makusudi, kwa sababu ya Kitonga. Siku ya tatu ni Iringa hadi Mbeya, kilomita 330 hivi, na hiyo ndiyo siku ya baridi. Kila siku, ikifika saa kumi na moja jioni injini zote ziwe zimezimwa. Usiku barabara hii ina malori yaliyoharibika yakaachwa bila taa, baiskeli zisizo na reflekta, ng'ombe, na mtu anayetoka kilabuni akitembea katikati ya lami. Kundi likichelewa, litafute gesti lilipo, hata kama pale Iringa chumba kimeshalipiwa.

Idadi nzuri ni watano hadi saba. Mkizidi hapo gawanyikeni makundi mawili, kila moja na viongozi wake, yaachane kama dakika ishirini. Msururu wa pikipiki kumi na tano unapendeza kwenye video, lakini basi haliwezi kuupita bila kuukata katikati, na litaukata.

Wawili wapewe kazi maalumu: wa mbele na wa mkia. Watu hugombania umbele. Kwangu mimi wa mkia ndiye mkubwa. Awe ndiye dereva mzoefu kuliko wote, mtulivu, anayejua kuziba pancha, na yeye ndiye abebe vifaa vya ufundi na sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu anayeharibikiwa huishia nyuma, haishii mbele. Fundi akiwa wa kwanza atajua habari zenu akiwa kilomita ishirini mbele. Dereva mgeni au mwenye pikipiki ndogo kuliko zote akae nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, na mwendo wa kundi zima uwe wake. Akiwekwa nyuma atatumia siku nzima kukimbiza wenzake, na mtu anayekimbiza haangalii barabara, anaangalia taa nyekundu iliyo mbele yake.

Kati ya kiongozi na wa mkia, kila mtu ana dhamana ya mwenzake wa nyuma. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Ukipunguza, aliye mbele yako naye atakukosa, atapunguza, na habari itamfikia kiongozi bila mtu kugusa simu. Penye njia panda, yaani Chalinze, Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na Makambako inakochepuka barabara ya Njombe, hakuna kuondoka mpaka umemwona wa nyuma yako na yeye amekuona. Kundi la namna hii halipotezani.

Mafuta nayo yana mtego wake. Wengi hudhani pikipiki ndogo ndiyo itakayoishiwa kwanza. Chukueni ya 150cc yenye tangi la lita 11 inayokunywa lita mbili na nusu kwa kilomita 100: inakwenda zaidi ya kilomita 400. Kubwa yenye tangi la lita 15 inayokunywa lita sita kwa kilomita 100 inaishia 250. Kila mtu apige hesabu ya chombo chake akiwa na mzigo, kisha mjaze wote kwa pamoja kwa kufuata anayefika karibu zaidi. Kusiwe na mtu wa kusema yeye bado anayo. Mkisimama kituo kimoja mara moja mmeokoa nusu saa, na ugomvi mmoja.

Vyombo vikaguliwe wiki moja kabla. Fundi aliyefungua injini usiku wa kuamkia safari anawakabidhi pikipiki ambayo hakuna aliyeijaribu. Kaeni naye akiwa kazini. Aisimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, aishike cheni katikati ya sproketi mbili, aipandishe na kuishusha kwa kidole: icheze sentimita mbili hadi tatu hivi, kwa kadiri ya kitabu cha pikipiki husika, kisha azungushe gurudumu na kupima tena sehemu nyingine. Ikikaza upande mmoja na kulegea mwingine, cheni hiyo imekwisha, na kuikaza hakutaifufua. Kwenye tairi msitazame kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la dukani lenye kung'aa linaweza kuwa limekaa stoo miaka saba, mpira umekauka, na linaanza kupasuka nyufa ndogondogo likipata joto la lami. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na uongezwe kidogo kwa ajili ya mzigo.

Akiba ya kubeba si kubwa: spana, plagi, kebo ya klachi na ya akseleta, pampu, tyubu za ukubwa wa magurudumu yenu. Hapo angalieni. Kundi lenye pikipiki za aina nne linaweza kuwa na ukubwa wa magurudumu wa namna nne, na tyubu ya mwenzako isikufae. Mzigo ukae chini na katikati, ufungwe kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na ncha zote zikunjiwe ndani. Ncha inayoning'inia ndiyo huingia kwenye cheni.

Helmeti ifungwe kidevuni, halafu mwenzako aishike kwa nyuma na kujaribu kuivua kuelekea kwenye paji la uso. Ikitoka, hiyo ni kofia tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Buti zinazofunika vifundo na glavu nazo zinunuliwe kabla ya stika za safari na fulana za kufanana.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote kwenye safari ya kundi ni kuovateki. Tupige hesabu. Lori lenye tela linakwenda 60, wewe unakwenda 80. Unalizidi kilomita 20 kwa saa, kama mita tano na nusu kila sekunde. Lori lina urefu wa mita 20 hivi; weka mita 20 za nyuma unapoanzia na 20 za mbele unaporudi upande wako. Mita hizo 60 zinakula sekunde 11. Ndani ya sekunde 11 umesafiri karibu mita 240, na basi linalokuja mbele yako, nalo likiwa na 80, limesafiri 240 nyingine. Mtu mmoja kupita lori moja anahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu.

Sasa wekeni watu saba walioachana kwa sekunde mbilimbili. Wa saba anachomoka sekunde 12 baada ya wa kwanza. Kiongozi ameshamaliza, amerudi kushoto, ndipo wa saba anaingia kulia. Ile barabara tupu aliyoiona kiongozi haipo tena. Badala yake kuna basi. Na mara nyingi wa saba hatazami hata, kwa sababu wenzake sita wamepita salama machoni pake na mguu wake umeshateremsha gia.

Kundi haliovateki. Anaovateki mtu mmoja, kwa macho yake, na akiona hapana anabaki nyuma ya lori hata dakika kumi. Aliyepita asifunge breki mbele ya lori, asogee mbele amwachie mwenzake pa kuingilia. Kiongozi akishapita atulie kwenye 70, na akiona wenzake wamekwama sana atafute sehemu pana ya kusimama. Ni marufuku kumpungia mwenzako mkono kwamba apite. Madereva wa malori nao wana lugha yao ya indiketa: ya kulia maana yake usipite kuna gari linakuja, ya kushoto maana yake pita. Ni wema wa barabarani na una historia ndefu, lakini dereva yule anapima kwa mwendo wa gari dogo, wala hajui pikipiki yako ina nguvu kiasi gani, na wakati mwingine anataka tu kusimama kununua mkaa. Chukua indiketa yake kama fununu, kisha jiangalizie mwenyewe.

Kuhusu kujipanga: penye barabara iliyonyooka na wazi endesheni zigizaga, wa kwanza upande wa kulia wa njia yenu, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Anayekufuata moja kwa moja awe sekunde moja au zaidi nyuma, na uliye naye mstari mmoja sekunde mbili au zaidi. Kwa mwendo wa 80, sekunde mbili ni kama mita 44, umbali ambao wengi wakiuona kwa macho husema ni mkubwa mno. Kwenye kona, vijijini na penye lami iliyobonyezwa na matairi ya malori, mkae mmoja nyuma ya mwingine. Lami ile imejaa mifereji mirefu ambayo gurudumu la mbele hupenda kuifuata. Ukitaka kuivuka, vuka ukiwa umeshapunguza mwendo, usiivuke ukiwa umefunga breki.

Ishara zisizidi nne au tano, na zifanywe kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia umeshika akseleta: punguza, simama, shimo, na kupiga tangi kwa kiganja kuonyesha mafuta yanaisha. Zifanyieni mazoezi siku ya majaribio. Naam, iwepo siku ya majaribio. Kundi lisilowahi kwenda hata Bagamoyo na kurudi pamoja halina sababu ya kujaribiana Kitonga.

Mikumi barabara inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama kwa atakayemgonga. Kwa mwenye pikipiki faini ni shida ya pili. Fuateni mwendo ulioandikwa, msisimame kupiga picha, wala msiwalishe nyani wanaokaa kando ya lami wakisubiri maganda ya ndizi. Tembo akiwa barabarani simameni mbali, injini zikiwa zinaunguruma, msipige honi, na mngojee lori au basi litangulie. Akishavuka mmoja msiondoke mbiombio, mara nyingi kuna mwingine vichakani.

Kati ya Mikumi na Kitonga kuna joto la Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wanaokimbilia magari, na mibuyu. Pumzikeni hapo, mnywe maji hata kama hamna kiu. Kisha mnapanda. Kupanda Kitonga si kugumu kwa pikipiki. Tatizo ni malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yale yanayoshuka yakitoa harufu ya breki zilizoungua. Kwenye kona mafuta ya dizeli yaliyomwagika hufanya lami ing'ae. Msiovateki kwenye kona yoyote, hata lori likiwa linakwenda kama kinyonga. Siku ya kurudi, ambapo mtashuka, tumieni gia ndogo tangu juu. Kuna watu huweka nyutro waserereke, eti wanaokoa mafuta. Breki za ngoma za pikipiki ndogo zikishapata moto hazishiki, na nyutro imeshawanyima msaada wa injini.

Baridi ya nyanda za juu, hasa Juni hadi Agosti, huwashangaza watu wa Pwani. Asubuhi ya Mafinga kukiwa na ukungu, vidole huganda na mtu anachelewa kubana breki bila kujijua. Bodaboda wanaovaa koti zito kinyume, mgongo mbele, wanachekwa mjini, lakini upepo hauingii kwenye vifungo vya koti lililogeuzwa hivyo. Aliye na jaketi jepesi aweke magazeti kifuani chini ya nguo. Mtu akianza kutetemeka, simameni kwenye chai, msimwambie avumilie mpaka Makambako.

Andikeni mpango wa ajali kabla ya kuondoka. Kila mmoja awe na karatasi ndani ya jaketi: jina, mtu wa kupigiwa, kadi ya bima ya afya, dawa zinazomdhuru. Mzijue hospitali za njiani: ya rufaa ya Morogoro, ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, ya rufaa ya Iringa, Ilembula upande wa Makambako, na ya rufaa ya kanda Mbeya. Namba ya dharura ni 112. Mtu akianguka, wawili wakimbie kwenda kusimamisha magari pande zote na kutandaza matawi barabarani, mmoja apige simu, mmoja abaki na majeruhi, wengine watoke kwenye lami kabisa. Asiyejitambua lakini anapumua msimvue helmeti, mfungueni kioo tu. Ivuliwe pale inapozuia pumzi, na wawe wawili, mmoja ameshika shingo. Damu inayotoka kwa kasi ibanwe kwa kitambaa na mikono bila kuachia. Msimpakie mshikaki kumkimbiza hospitali.

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Mguu wako haiugusi. Wengi hulijua hilo wodini.

La mwisho ni pesa na pombe, mambo ambayo watu huona haya kuyasema. Changeni mfuko wa pamoja kabla, mmoja autunze, na humo iwepo akiba ya kurudisha pikipiki moja kwa lori. Mmoja akikwama asione haya kusema hana. Bia za jioni ziishe mapema. Anayeamka na harufu ya pombe hapandi siku hiyo, na wa mkia ndiye mwenye neno la mwisho.

Mkifika Mbeya pumzikeni siku nzima, kwa sababu kurudi nako ni siku tatu, na mnarudi mmechoka, cheni zimelegea, na kila mtu anadhani njia ameshaijua. Ukijumlisha, hiyo ni wiki kamili. Kama ruhusa zenu kazini ni siku nne, ishieni Iringa mgeuze.